Jirani aliyefufuka kabla ya sekunde 180

Lubumbashi, Novemba

Somo yangu,

Uliniuliza kwenye simu nikakwepa, kwa sababu shemeji yako alikuwa jikoni akisikiliza, na swali lako ndilo analoniuliza yeye kila mwisho wa mwezi: miezi miwili usiku mbele ya kompyuta, matokeo yake ni mistari 12, na hakuna aliyekulipa? Leo amekwenda Katuba kwa mama yake, bukari inapoa mezani, acha nikujibu sawasawa.

Mistari niliyoongeza ni 12, kweli. Niliyofuta ni 71. Hiyo ya kufuta hakuna anayeihesabu, na ndiyo iliyonitoa jasho.

Unazikumbuka zile ruta mbili za kazini, zinazoelekeza mawasiliano ya mtandao, ambazo si mashine za dukani bali kompyuta za kawaida zenye Linux. Ndani yake kuna programu huria ya kuelekeza njia. Inazungumza na ruta za majirani kwa lugha ya BGP: kila mmoja anamwambia mwenzake, "kupitia kwangu unafika huku na huku." Kila baada ya sekunde 60 kila upande unatuma ujumbe mfupi usio na habari yoyote ila moja: bado nipo. Zikipita sekunde 180 hujasikia kitu, unamhesabu jirani kuwa amekufa na unafuta njia zote alizokupa. Namba hizo zinabadilika kwa amri moja. Sisi tulizikuta hivyo, tukaziacha hivyo.

Sasa Novemba ya hapa unaijua. Maua ya mijakaranda yameshaoza barabarani, radi inapiga saa tisa mchana, umeme unakatika. Jirani yetu mmoja ana betri zilizochoka, basi umeme ukienda ruta yake inazimika papo hapo. Lakini wana mlinzi, mzee mmoja mwepesi kuliko umri wake, ambaye akisikia tu kimya anakimbilia jenereta. Dakika mbili hazijatimia, ruta imewaka na inabisha hodi kwetu.

Sekunde 180 bado. Yaani mtu amekufa, amefufuka, na msiba haujatangazwa. Programu yetu inaamini mazungumzo ya zamani yanaendelea. Inatuma "bado nipo" kama kawaida, na jirani aliyewaka upya, asiyekumbuka lolote, anayakataa. Wakati huohuo ameshaleta mazungumzo mapya. Kwa muda mfupi sana jirani mmoja ana mafaili mawili kwetu. Programu inalitupa la zamani na kurudisha nafasi yake ya kumbukumbu kwa mashine, vizuri kabisa. Ila kulikuwa na saa ya kuamsha iliyotegwa kwa jina la faili lile, na hakuna aliyeizima. Baadaye kidogo inalia, inakwenda kufungua faili ambalo halipo, mahali pake wamekaa wageni wengine. Programu inaanguka. Na ikianguka haipotezi jirani yule peke yake. Inapoteza wote, na simu yangu inaanza kuita.

Kwa hiyo aliyeigundua hitilafu ni yule mzee wa jenereta, ingawa hajui. Angekuwa mvivu, akachukua dakika nne, tusingeiona kamwe. Nadhani ndiyo maana walioandika programu nao hawakuiona: kwenye maabara mtu huizima programu kwa adabu, nayo inaaga majirani kabla ya kuondoka, au anachomoa waya na kwenda kunywa kahawa. Hawana umeme wetu.

Wiki tatu za kwanza nililaumu RAM. Nikainunua nyingine. Nikalaumu joto, nikaleta feni. (Pesa ya feni ndiyo iliyomfikisha shemeji yako kwenye hasira.) Mwishowe nikajenga mtandao mzima ndani ya laptopu, ruta mbili za kubuni, na hati fupi ya amri inayomuua jirani bila kuaga kisha kumwasha baada ya sekunde 40, halafu 41, halafu 42, hivyo hadi asubuhi. Programu yenyewe niliiunda upya pamoja na AddressSanitizer, chombo kinachokaa kando na kupiga kelele pale programu inapogusa kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa. Kazi inakwenda polepole kama foleni ya malori ya mpakani Kasumbalesa. Usiku wa nne kikapiga kelele na kunipa mambo matatu: mahali kumbukumbu ilipochukuliwa, ilipoachiliwa, na aliyeigusa baada ya hapo. Nilipiga yowe, watoto wakaamka.

Kuizima ile saa kabla ya kulitupa faili ni mstari mmoja. Lakini nilipotafuta pa kuuweka nikakuta msimbo wa kutupa faili umeandikwa mara tatu, mahali patatu, kila nakala ikisahau kitu chake. Nikazikusanya zote kuwa moja, nikawatumia wasimamizi wa programu kiraka kimoja kikubwa, yaani mabadiliko yangu ya msimbo, nikasubiri sifa.

Nikaambiwa nikikate viwili. Niliudhika siku mbili nzima, halafu nikaelewa. Kuna watu wanaotumia toleo la zamani na hawatahama mwaka huu. Marekebisho madogo yanaweza kurudishwa kwao yakiwa peke yake, lakini usafi wa mistari 71 huwezi kuupeleka kwenye toleo la zamani bila kuvunja mengine. Ukichanganya nguo chafu na mgonjwa kwenye gari moja, mgonjwa anachelewa.

Na kwenye usafi wenyewe nilikosea. Nilifuta ukaguzi wa urefu wa ujumbe kwa sababu niliuona umerudiwa. Mkaguzi akauliza: jirani akidanganya urefu, nani atamkamata? Nikaurudisha huku uso ukiniwaka. Mambo ya ujumbe usioeleweka si mchezo. Januari 2019 watafiti walitangaza njia yenye sifa namba 255 (sifa ni lebo inayoambatana na njia), wakiifanyia jaribio. Baadhi ya matoleo ya FRRouting, mojawapo ya programu huria za kuelekeza njia, yalipoipokea yaliiona kuwa ni kosa na kukata mazungumzo na jirani. Jirani anarudi, anasema neno lilelile, anafungiwa mlango tena. Na kanuni ya kuepuka hayo ilikuwapo tangu 2015, kwenye hati ya viwango vya intaneti iitwayo RFC 7606: ukisikia habari iliyoharibika, ichukulie njia ile moja kuwa imeondolewa, endelea kuongea na mwenzako kuhusu nyingine. Marekebisho yalitoka haraka, kwa sababu msimbo uko wazi na kila mtu aliweza kuona mstari wenye kosa.

Kwa namna fulani, napenda ukoo wa FRRouting kwa majina yake tu. Ulianza na GNU Zebra mwaka 1996, ukazaa Quagga, ambaye ni aina ya punda milia aliyetoweka (wa mwisho alifia Amsterdam mwaka 1883), na Quagga nayo ilipodorora ikatoka FRRouting mwaka 2017. Hadi leo ndani ya FRRouting sehemu inayokabidhi njia kwa keneli, yaani kiini cha Linux, inaitwa zebra. Mnyama yumo bado.

Kuhusu malipo: hakuna. Lakini tangu kiraka kiingie, mvua imenyesha mara nyingi, mzee amekimbia kwenye jenereta yake, na mimi nimelala. Usimwambie shemeji yako kwamba hilo ndilo jibu langu, atasema feni ingetosha.

Ile ruta ya zamani unayoiweka juu ya kabati huko Kolwezi, usiiuze. Ukija Krismasi uje nayo. Katika zile nakala tatu za zamani za msimbo, ya tatu bado sielewi ilikuwa inasahau nini, na nataka mashine halisi ya kuchomoa waya.

Vinkubala (viwavi vya kula) ulivyotuma vilifika, mfuko umepungua karibu nusu. Namshuku dereva.

Somo yako