Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Jinja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana Jinja. Ulipopita mezani petu asubuhi uliuliza lile bomba la matope ni la nini, nasi kwa woga tukajibu "la sayansi". Tuwie radhi. Jibu kamili ndilo hili.

Machi 2011 tsunami ilikikumba kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi, Japani, ikazima umeme wa kupozea vinu, na seziamu nyingi, yaani metali inayotoa mionzi, ikaishia baharini. Sehemu kubwa ilichukuliwa na mikondo, ila iliyonata kwenye udongo wa mfinyanzi ilizama nao. Kuipima huko chini ni kazi kwelikweli, maana maji huzuia mionzi ya gama. Kifaa kikibaki melini hakioni kitu. Watafiti wakaburuta vifaa sakafuni mwa bahari, wakakuta seziamu imejikusanya zaidi mabondeni. Wengine walichota matope kwa mabomba, wakayakata tabaka kwa tabaka, wakahesabu bekereli, yaani kipimo cha nguvu ya mionzi, kwa kila kilo.

Hilo la mabomba tumeliiga. Wavuvi walituazima mtumbwi, tukadidimiza bomba la plastiki ziwani na kuziba mdomo wake kwa kiganja ili tope lisiponyoke. Liliponyoka mara mbili. Mara ya tatu likatoka zima: juu jeusi, laini kama uji wa mtama, chini kijivu na gumu.

Mwenzetu mmoja aliuliza, sisi tusio na bahari, ya Japani yanatuhusu nini? Mheshimiwa, Serikali inakusudia kujenga kituo cha nyuklia Buyende, karibu na Ziwa Kyoga. Majaribio ya mabomu ya miaka ya 1950 na 1960 yalishatawanya seziamu-137, aina moja ya seziamu, duniani kote, nayo hupungua nusu kila miaka 30. Aina nyingine, seziamu-134, hupungua nusu kila miaka 2, kwa hiyo Wajapani walipoikuta kwenye tope walijua ni ya juzi, si ya mabomu yale. Tena walikuwa na vipimo vya kabla ya ajali vya kulinganisha. Tope la Kyoga nalo lipimwe sasa, kabla ya tofali la kwanza.

Ombi letu ni moja. Kifaa cha kupimia gama hatuna, na ofisi tuliyoiandikia barua haijajibu. Tusaidie tope letu lifike maabara. Liko kwenye friji ya jikoni, na mpishi ametupatia muda hadi Ijumaa tu.

Ni sisi,
Wanachama wa Klabu ya Sayansi