Maji Maji sio Kinjikitile peke yake

Mhariri, salaam. Naomba kanafasi kadogo tu gazetini. Kila ikitajwa Maji Maji, ile vita ya kumpinga mkoloni Mjerumani, watu wanaishia kwa Kinjikitile wa Ngarambe, yule mganga aliyegawa dawa ya maji, jamani huyo alinyongwa na Mjerumani Agosti 1905, vita ndo kwanza inaanza! Mbona Mahenge haisemwi, tarehe 30 mwezi huohuo watu kwa maelfu walienda kulivamia boma la Mjerumani wakiamini ile dawa itageuza risasi kuwa maji, wakakutana na mashingani, wakafyekwa pale mlangoni kabisa... Halafu 1906 Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, na wenzake wakanyongwa kule Ungoni, mashamba yakachomwa mpaka njaa ikaua wengi kuliko bunduki. Andikeni na hayo bana, sio kila mwaka stori ileile.

Msomaji wenu, Ruvuma