Kinyonga aachwe kwenye tawi lake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo moja kuhusu ziara za makundi za kupiga picha katika misitu yetu ya mvua, ziara ambazo siku hizi matangazo yake hayakauki kwenye simu zetu, na ambazo mimi mwenyewe nimeshiriki na ningependa kushiriki tena. Siandiki ili kuzipinga. Naandika kwa sababu katika ziara niliyokwenda Amani, Usambara Mashariki, mwezi Februari, tulimtendea mnyama vibaya mbele ya mtu aliyejua kabisa kwamba tunakosea, na mtu huyo hakuwa na ubavu wa kutuzuia kwa kuwa riziki yake ya siku ile ilikuwa mikononi mwetu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa biolojia, mkazi wa Tanga. Kamera nilianza kuishika baada ya kustaafu, binti yangu aliponunua mpya na kuniachia ya zamani pamoja na lenzi moja ya kupigia vitu vidogo. Tulikuwa watu tisa, wengi wao kutoka Dar es Salaam, chini ya kiongozi wa ziara ambaye ni mpiga picha mzoefu, pamoja na kijana mmoja wa kijiji cha jirani aliyekuwa mwongoza wageni wetu msituni. Kampuni iliyotuandalia safari siitaji, kwani kwa ninavyosikia kutoka kwa wenzangu wa kamera, haya niliyoyaona hayakuanza nayo wala hayataishia kwake.

Msomaji ambaye hajafika Amani aelewe kwanza kwamba huko si Serengeti. Anayekwenda akitarajia simba atarudi na picha za ukungu. Hifadhi ile, iliyotangazwa mwaka 1997 ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, ina eneo la hekta 8,380 hivi, ikianzia Sigi chini kwenye joto na kupanda hadi kwenye vilima vya mashamba ya chai na bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na maji ya Mto Zigi unaotokea huko ndiyo tunayoyachota mabombani hapa Tanga mjini. Utajiri wake mwingi ni wa viumbe wadogo: vyura, vinyonga, vipepeo, ndege wa kwenye vichaka vya mitambaazi. Tembo unaweza kumpiga picha ukiwa ndani ya gari, naye asijue kama upo. Kiumbe wa urefu wa kidole hupigwi picha yake mpaka umsogelee kwa shubiri moja au mbili, na makundi yenye kamera tisa yanaposogea kwa shubiri moja ndipo matatizo yanapoanza.

Usiku wa pili tulitoka na tochi za kichwani. Usiku ndio wakati mwafaka wa kuwatafuta vinyonga, kwa sababu wakilala rangi yao hufifia, na mwanga wa tochi ukiwapiga hung'aa kati ya majani kama kipande cha karatasi. Kijana wetu alimwona mmoja juu ya kijito, kwenye tawi jembamba lililoinamia maji: dume la kinyonga wa pembe tatu, ambaye jina lake la kisayansi, Trioceros deremensis, limetokana na Derema, sehemu ya milima hiyohiyo. Alikuwa amelala, mkia umejikunja kama kamani ya saa, vidole vimelikumbatia tawi pande zote mbili. Nilisimama nikimtazama na kwa muda nikasahau kuwa nina kamera shingoni.

Tatizo ni kwamba palikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu, tena akisimama ndani ya maji. Kiongozi wetu akamwambia kijana alivunje lile tawi alete barabarani. Kijana alinyamaza. Alimtazama kiongozi, akatutazama sisi, kisha akaingia kijitoni na kulivunja. Tawi likashikiliwa mbele ya kitambaa cheusi, tukapanga foleni, na kwa muda wa kama dakika arobaini flashi tisa zikamwakia mnyama aliyekuwa usingizini. Rangi yake ya kijani kibichi ilianza kuingia madoa meusi, mwili ukawa bapa, akafunua kinywa. Hapo ndipo picha yangu ilipopatikana. Kinywa kiko wazi, pembe zote tatu zimetoka safi kabisa, na wenzangu wakaisifu wakisema nimenasa hasira ya kinyonga. Nimefundisha biolojia miaka thelathini na moja, Mhariri, na nilijua nilichokuwa nakitazama ni woga, lakini nilibonyeza.

Tulipomaliza, tawi lilikuwa limevunjika na hapakuwa na pa kumrudishia. Kijana alimweka kwenye kichaka kando ya barabara, akasubiri mpaka akashika vizuri, ndipo akatufuata.

Asubuhi yake, wenzangu wakiwa wanakausha lenzi zilizoingia unyevu, nilimkuta akinywa chai nje ya banda, nikamwuliza, "Mwanangu, jana mbona hukutukataza?" Akatabasamu kidogo, akasema, "Mwalimu, wageni wakikosa picha, aliyekosa ni mimi. Mkishuka pale Sigi mnahesabu mlichokiona, ndipo mnaingiza mkono mfukoni." Akaniambia pia kwamba posho anayolipwa kwa siku ni ndogo kuliko bakshishi ya kundi lililofurahi, na kwamba kiongozi wa ziara ndiye anayeamua msimu ujao aitwe yeye au aitwe mwingine.

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Tumezoea kusema kwamba tatizo ni elimu, kwamba waongoza wageni wapewe semina. Kijana yule hakupungukiwa elimu ya msitu hata chembe. Alitambua ndege kumi na mbili kwa sauti kabla hatujafika kwenye daraja la kwanza, na aliweza kutuonyesha mti wa msambu kwa harufu ya majani yaliyooza chini yake. Alichopungukiwa ni uwezo wa kusema hapana bila kulala na njaa. Malipo yakifungwa kwenye idadi ya viumbe walioonekana, hata mtaalamu ataugeuza msitu kuwa duka, na kila kiumbe kilichomo kitakuwa bidhaa ya kushushwa rafuni mteja anapoinyooshea kidole.

Jambo la pili nililoliona linahusu sauti. Pembezoni mwa msitu, karibu na mashamba ya chai, huishi ndege mdogo wa kijivu mwenye mdomo mrefu ambaye yumo hatarini kutoweka duniani; makazi yake yanayojulikana ni Usambara Mashariki na uwanda mmoja wa juu kaskazini mwa Msumbiji. Jina lake la kisayansi, alilopewa mwaka 1931, linamtaja Moreau, Mwingereza aliyehamia kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1928, na ambaye kazi yake kubwa ya ndege aliifanya pamoja na Salimu Asmani, fundi wa kuwatafuta na kuwakusanya, ingawa ndege yule hakuitwa kwa jina la Salimu. Sisi tulimtafuta kwa simu na spika ndogo. Kiongozi alipiga sauti yake iliyorekodiwa, akairudia tena na tena, mpaka ndege akatokea akirukaruka kutoka mtambaazi hadi mtambaazi, akimtafuta mpinzani ambaye hakuwepo. Ndege anayesikia sauti ya dume mgeni ndani ya himaya yake huacha kula na huacha kulinda kiota ili apigane. Tukifanya hivyo mara moja kwa mwaka pengine si neno. Lakini kijana alisema kichaka kile ndicho kinachojulikana na kila kundi, na kwamba kwa siku za karibuni ndege anachelewa kutokea. Mwenyewe alilieleza vizuri kuliko mimi: "Amechoka kudanganywa."

Niseme na la kheri. Siku ya tatu tulimpata chura mmoja ambaye nilikuwa nikimsoma tu vitabuni. Katika maisha yangu yote ya ualimu niliandika ubaoni kwamba chura hutaga mayai majini, mayai hutoa viluwiluwi, na viluwiluwi hugeuka vyura; kumbe saa moja na nusu kutoka nyumbani kwangu wapo vyura wa jenasi ya Nectophrynoides ambao huzaa watoto walio kamili, wenye miguu yao, na hawahitaji dimbwi hata kidogo. Nilipomwona amekaa juu ya jani lililolowa, mkubwa kama ncha ya kidole gumba, nilicheka peke yangu. Mwenzetu mmoja akapendekeza apandishwe juu ya uyoga mwekundu uliokuwa karibu ili picha ipendeze. Safari hii nilisema. Niliwaeleza kwamba chura hupumua na kunywa kwa ngozi, kwamba mikono yetu yote ilikuwa imepakwa dawa ya mbu, na kwamba wapo ndugu zake, wale vyura wa Kihansi, ambao maji ya maporomoko yao yalipopunguzwa kwa ajili ya umeme, na ugonjwa wa kuvu wa ngozi ukawakuta huko, walitoweka kiasi kwamba mwaka 2009 ilitangazwa hawapo tena porini, na waliorejeshwa Kihansi tangu mwaka 2012 ni wazao wa wale waliotunzwa katika bustani za wanyama za Marekani. Kundi lilikubali. Tulilala kifudifudi kwa zamu, mmoja mmoja, bila flashi, na ingawa watu wawili walikosa kwa sababu chura aliondoka kwa hiari yake, hakuna aliyenung'unika. Mimi nilipata picha ambayo haijakolea sana upande wa kushoto, lakini jani ni lake na mahali ni pake.

Ndiyo maana naamini ziara hizi zinaweza kufanywa vizuri, na zinachohitaji si sheria mpya bali mapatano ya kabla ya safari. Waandaaji waandike kwenye tangazo lenyewe, pale wanapoandika bei na aina ya chakula, mambo ambayo hayatafanyika: kiumbe hatahamishwa, tawi halitavunjwa, sauti haitapigwa kwa ndege aliye hatarini. Bakshishi ichangwe siku ya kwanza na ikabidhiwe hata kama hakuna kilichoonekana. Hilo la bakshishi nalisisitiza kuliko yote, kwa kuwa halimgharimu mwandaaji hata senti moja na linamwondolea mwongoza wageni kitanzi shingoni. Nao Wakala wa Huduma za Misitu, wenye dhamana ya hifadhi hizi, wawape waongoza wageni wa vijijini idhini ya wazi ya kusema "basi, tunaondoka," na neno lao liwe juu ya neno la kiongozi aliyetoka mjini. Watu tisa kwa kijito kimoja pia ni wengi mno. Watano wangetosha, na bei ikipanda kidogo kwa sababu hiyo, ipande.

Najua wapo watakaosema nakuza jambo dogo. Usambara Mashariki imeona makubwa: miaka ya 1980 mashine za kupasua mbao ziliingia kwenye msitu wenyewe, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu walichimba dhahabu kwenye vyanzo vya maji kule Sakale. Mbele ya hayo, kinyonga mmoja na flashi tisa ni nini? Sikatai kwamba shoka ni baya kuliko kamera. Lakini mwenye shoka hajapata kutuambia kwamba anaupenda msitu, wakati sisi tunalisema kila tunapobandika picha mtandaoni, tunakusanya sifa kwa kusema hivyo, na mwanakijiji anayekatazwa kukata fito anatuona tukivunja tawi mbele ya mwongoza wageni bila kuulizwa. Sijui nitamjibu nini akiniuliza mimi.

Na ombi langu la mwisho, Mhariri, linakuhusu wewe. Gazeti lako huchapisha picha za wanyama, na kila mara huandikwa jina la mpiga picha na mahali. Naomba iongezwe sentensi moja inayosema picha ilipatikanaje, kama kiumbe alikuwa huru mahali pake au aliwekwa, na kama aliitwa kwa sauti ya spika. Nimekuambatishia picha yangu ya kinyonga, ile iliyosifiwa. Ukiona inafaa kuchapishwa, tafadhali andika chini yake kwamba mnyama huyu alitolewa kwenye tawi lake juu ya kijito, majira ya saa tatu usiku, ili watu tisa wapate nafasi, na kwamba mmoja wao ni mimi.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga