Wenye nyumba za wageni Bagamoyo, fungeni kalenda kwanza

Mhariri,

Wageni wa Bagamoyo siku hizi wengi huamua Ijumaa jioni wakiwa Dar es Salaam, kilomita 70 hivi, na kuweka nafasi mtandaoni kwa simu. Ndipo ugomvi wa mapokezi unapozuka: chumba kimoja, wageni wawili. Si haki aliyelipa ahangaishwe usiku.

Chanzo ni kalenda. Ukiuza vyumba kwenye mitandao miwili ya kuweka nafasi, kalenda zake hazisomani papo hapo. Zinaweza kuchelewa hata saa kadhaa. Mteja wa mlangoni akilipa taslimu, mhudumu anaandika daftarini tu, mtandaoni chumba kinabaki wazi. Kabla ya kukabidhi ufunguo, zifungeni tarehe hizo kwa mkono kila mtandao. Kikibaki chumba kimoja, kiachwe kwenye mtandao mmoja tu.

Bei nayo ipigiwe hesabu: mtandao ukikata kamisheni ya asilimia 15, kwa chumba cha shilingi 60,000 ni 9,000. Zinabaki 51,000, umeme na kodi bado.

Na tafadhali, sahihisheni alama ya nyumba yenu kwenye ramani ya mtandaoni. Ikikosewa, dereva huishia kwenye uchochoro wa Mji Mkongwe usiopitisha gari. Iwekeni mkiwa mmesimama nje, mlangoni penyewe, si chini ya paa.

Msomaji wako,
Bagamoyo