Mwaliko wa Bustani ya Mfalme Usikataliwe kwa Hofu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nijibu hoja niliyoisikia mara nyingi miongoni mwa Waswahili tunaoishi Uingereza, kwamba tafrija ya bustanini katika Kasri la Buckingham ni shughuli ya matajiri, na kwamba Mwislamu anayeihudhuria hulazimika kuiacha langoni heshima ya dini na mavazi yake. Mimi ni muuguzi, nilialikwa na nikaenda, na niliyoyaona hayaafikiani na maneno hayo.

Ni kweli kwamba tafrija hizi, zilizoanza katika miaka ya 1860 enzi za Malkia Victoria, hapo kale zilikuwa za watu wa tabaka la juu. Mwaka 1958, hata hivyo, ulikomeshwa utaratibu wa kuwapeleka mabinti wa familia kubwa wakatambulishwe mbele ya Malkia Elizabeth II, na tafrija zikaongezwa ili watu wa kada nyingine nao wapate kualikwa. Siku hizi kila tafrija hupokea wageni wapatao 8,000, na wengi niliozungumza nao walikuwa walimu, wazima moto na watu wanaojitolea kuwahudumia wazee. Mwaliko hauuzwi, wala mtu hajiombei mwenyewe. Jina hupendekezwa na wengine kupitia idara za serikali, majeshi, jumuiya za dini, mashirika ya hisani, au ofisi ya Lord-Lieutenant, yaani mwakilishi wa Mfalme katika jimbo, kisha kadi hutumwa kwa jina la Lord Chamberlain, afisa mkuu wa nyumba ya kifalme.

Kuhusu mavazi, maelekezo yanataja wazi kwamba vazi la taifa linakubalika sawa na suti na sare ya kazi. Nilivaa kanzu, koti na kofia ya viua, nikapanga foleni pamoja na akina mama waliovaa sari na Waskoti waliovaa vazi lao, na hakuna aliyeniuliza lolote zaidi ya kitambulisho na kadi.

Linalowatia watu hofu zaidi ni kuinama, na nalizungumzia kwa uzito kwa sababu najua wapo waliokataa mwaliko kwa ajili yake. Muumini anayesema kwamba hainami ila kwa Mola wake ana haki ya kusema hivyo, na utaratibu wa kasri haumkatazi. Kuinamisha kichwa ni desturi ambayo wengi huifuata kwa hiari, na maelekezo rasmi yanasema kwamba hakuna sharti la namna ya kumsalimu Mfalme, kwa hiyo anayependa kupeana mkono tu anaweza kufanya hivyo.

Isitoshe, wengi hawafikii hatua hiyo ya kusalimiana naye. Milango hufunguliwa saa tisa alasiri, na saa kumi Mfalme hutoka, bendi ya kijeshi ikapiga wimbo wa taifa, na wageni wakasimama kwa adabu hadi umalizike. Baadaye wageni hupangwa wakaacha njia katikati yao, naye hupita polepole akizungumza na wachache walioteuliwa na wasimamizi. Waliobaki hunywa chai, hula sandwichi za matango na keki kwenye mahema marefu, na hutembea kando ya ziwa katika bustani ya takribani hekta 16, mpaka shughuli inapofungwa saa kumi na mbili jioni. Nami sikumkaribia Mfalme, wala sikuona nimepungukiwa, kwa maana kilichonigusa ni kujua kwamba watu niliofanya nao kazi zamu za usiku walikaa wakaandika jina langu.

Hapo ndipo penye ombi langu kwa viongozi wa jumuiya zetu katika miji ya Uingereza. Tunao waliofundisha watoto madrasa kila mwisho wa wiki bila malipo, waliosimamia mazishi ya wageni wasio na jamaa, na akina mama waliowapeleka wenzao hospitalini na kuwatafsiria. Majina yao hayafiki popote kwa sababu hakuna anayeyapeleka. Ofisi ya Lord-Lieutenant wa kila jimbo hupokea mapendekezo, na kinachohitajika ni maelezo ya kweli kuhusu kazi ya mhusika, yaliyoandikwa na mtu anayemfahamu. Naomba kila jumuiya ichague angalau mtu mmoja mwaka huu na impendekeze kwa maandishi.

Wako mtiifu,
Muuguzi, Leicester, Uingereza