Samaki wana barafu, damu ya mama haina

Mhariri,

Mimi ni mchuuzi wa samaki hapa Lamu, mwaka wa 19 sasa. Changu na tewa wangu huvuka kwa boti hadi Mokowe, wakapanda gari la Mombasa, wamefukiwa barafu tupu. Barafu ikipungua njiani, mnunuzi hufunua mashavu, akiyaona yamepauka hunirudishia mzigo. Kwa hiyo siwezi kunyamazia yaliyoipata damu ya mama yangu.

Mama ana kisukari na anameza metfomini, dawa ya kushusha sukari, miaka mingi. Mwaka huu nyayo zilimfa ganzi, hata ndara ikimvuka hajui. Daktari alitueleza kwamba ganzi ile yaweza kuletwa na sukari yenyewe, au na upungufu wa vitamini B12, maana metfomini ikitumiwa muda mrefu huishusha. B12 yake ilipopimwa ilikuwa mpakani, haieleweki. Ndipo akaagiza kipimo cha homosisteini. Hiyo ni kemikali ya damuni inayotengenezwa na mwili wenyewe, na B12 pamoja na foleti, vitamini nyingine, ndizo zinazousaidia kuigeuza. Zikipungua, hujazana kwenye damu. Figo dhaifu pia huipandisha, ila za mama ni nzima.

Mama alilala bila kula tangu isha. Saa tatu asubuhi akatolewa damu kwenye kliniki moja ya hapa kisiwani. Kichupa chenye kifuniko cha zambarau kikatiwa ndani ya bahasha ya kaki, kikawekwa mezani, jua la dirishani likikipiga. Nilikiona kwa macho yangu. Kiliondoka adhuhuri, na Mombasa kilifika usiku. Majibu: 24, ilhali kawaida ni 5 hadi 15 hivi. Jirani akatwambia huo ni ugonjwa wa moyo. Mama hakulala siku kadhaa.

Daktari alitilia shaka, akataka kirudiwe Mombasa kabla mama hajachomwa sindano yoyote ya B12. Kule kijana wa maabara alikichovya kichupa kwenye barafu yenye maji papo hapo, na nusu saa haikupita akakitia kwenye mashine ya kuzungusha. Kilipotoka, wekundu umetuama chini, juu maji ya manjano. Nikamuuliza. Akasema chembe nyekundu hazinyamazi zikitoka mwilini. Huendelea kumwaga homosisteini mle kichupani, na kwenye joto la chumba kiwango huweza kupanda kama asilimia 10 kila saa. Akiyatenga yale maji mapema, kiwango hutulia.

Safari hii: 13.

Nauli ya watu wawili, siku tatu meza yangu haina samaki, na mama mwenye ganzi akipandishwa na kushushwa botini. Yote kwa sababu ya bahasha ya kaki! Naiomba idara ya afya ya kaunti ihakikishe kila kliniki inayotuma damu hii bara inaizungusha na kuyatenga maji yake hapa hapa, ndani ya saa moja. Saa ya kutolewa iandikwe kwenye karatasi. Asiye na mashine amwambie mgonjwa kweli, aende akatolewe damu kwenye maabara yenyewe.

Na kama shida ni barafu ya kukiweka kichupa kikisubiri mashine, mimi huichukua kila alfajiri. Kliniki yoyote ya Lamu itume mtu na chupa ya chai, nitamjazia bila malipo.

Mchuuzi wa samaki,
Langoni, Lamu