Makabati, Sakafu na Vyeti vya Kuzaliwa: Wito wa Harambee kwa Vijana Wetu wa Mtaani

Tumsifu Yesu Kristu, wapendwa wanajumuiya, majirani, nanyi mliotawanyika hadi Doha na Minneapolis.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya misa ya pili, tutakuwa na harambee katika ukumbi wa parokia yetu hapa Eastlands. Mmezoea tukiwaita kwa paa la kanisa, basi la kwaya au nyumba ya padri. Safari hii tunachangia warsha ya sanaa ya vijana wanaolala nje, ile ya Jumanne, Alhamisi na Jumamosi alasiri, na tunavyohitaji huenda vikawashangaza. Ngoma tunazo. Rangi zitatufikisha Krismasi. Tunachoomba ni makabati ya chuma, sakafu ya mbao, chakula, posho ya walimu na nauli ya kufuatilia vyeti vya kuzaliwa.

Tuanze na makabati, maana ndiyo yaliyozua maneno kwenye mikutano ya jumuiya.

Kijana anayelala karibu na mzunguko wa Globe au kwenye vibaraza vya Muthurwa hana pa kuweka kitu. Alicho nacho amekivaa. Akichora picha leo, usiku mvua inailowesha, mwenzake anaiiba, au baridi ikizidi inatiwa motoni pamoja na maboksi. Msako wa alfajiri ukipita, kila kitu kinazolewa na kutupwa kwenye lori: gunia, blanketi, na daftari la mashairi humo humo. Ndiyo maana kazi zao nyingi hazifiki mwisho. Anayefundisha kuchonga anamwona kijana akianza kinyago Jumanne, na Alhamisi anaanza kingine, kwa sababu cha kwanza kimepotelea maskani. Huwezi kumfundisha mtu kumaliza jambo ikiwa jambo lenyewe halimngoji mahali.

Kwa sasa vitu vyao tunavificha kwenye stoo, katikati ya viti vya harusi na masufuria ya matanga. Kukiwa na msiba viti vinatolewa, na picha zinakanyagwa. Tunataka makabati manne, kila moja lenye milango midogo 12 na kufuli zake. Fundi mmoja wa jua kali pale Kamukunji amekubali kuyachomelea kwa bei ya chuma tu, bora tumpe vijana wetu wawili wakubwa wawe wasaidizi wake na wajifunze kazi. Hiyo ni shilingi 120,000, kufuli zikiwemo. Wanaofika kila kipindi ni kati ya 40 na 50, kwa hivyo karibu kila mmoja atakuwa na mlango wake na ufunguo wa kuning'iniza shingoni.

Sakafu sasa. Mnaopita nje Jumamosi mmewaona wakijenga minara ya watu: watano chini, watatu juu yao, halafu kadogo kamoja kileleni kakipunga mkono. Wanayafanya hayo yote juu ya saruji. Wanaporuka kichwa-ngomba wanatua kwenye magodoro ya kulalia yaliyochakaa, na tayari tuna magoti na vifundo vya miguu vinavyolalamika. Sakafu ya mbao iliyoinuliwa kwa fremu na kutandikwa mpira chini, pamoja na magodoro manene ya sarakasi, itagharimu shilingi 340,000. Ndicho kifaa ghali kuliko vyote tutakavyonunua, na hatutaki kukipunguza. Bora tupunguze kwingine.

Sasa lile swali la kila jumuiya: mbona mnawaingiza na gundi kwenye ukumbi wa kanisa? Hatuwaingizi na gundi. Chupa inabaki mlangoni kwenye karai la mlinzi, kijana anaingia. Akitoka, wapo wanaoichukua tena, na hilo tunalijua.

Gundi hii ni ile ya kubandika viatu. Ndani yake mna toluini, kemikali inayoshambulia ubongo na mishipa ya fahamu. Anayeivuta kwa muda mrefu hukosa usawa anaposimama, mikono hutetemeka, kumbukumbu hupungua. Anaivuta kwa sababu inaua njaa na baridi, na kwa sababu kila anayelala karibu naye anaivuta. Kumwambia aache kwanza, kisha ndipo aje kwetu, ni kumfungia mlango kwa heshima. Wengi wao wamepitia vituo vilivyodai hivyo, wakakaa kidogo, wakatoroka.

Kilichotufungua macho ni ule mnara wa watu. Aliyevuta siku hiyo hapandi, wala hasimami chini kuwabeba wengine. Sheria hiyo haikutungwa na kamati. Waliitunga wale wanaosimama chini, wanaobeba uzito kwenye mabega, kwa kuwa mmoja akiyumba wote wanaanguka na wa juu ndiye anayevunjika. Kijana akifika macho mekundu, hafukuzwi wala hakuna anayemhubiria. Anaambiwa na wenzake, "Leo wewe ni ngoma," anaenda kukaa na wapigaji. Onyesho linapokaribia, wengine huanza kufika bila chupa ili wapate nafasi kwenye mnara. Si wote. Wapo waliokuja mwaka mzima, na kila siku karai la mlinzi linapokea chupa yao. Hao nao wataendelea kuja, na tungewaomba wazee wetu wa parokia wasiwaangalie kwa jicho lile.

Chakula kinatangulia yote. Hakuna anayeruka wala kuimba na tumbo tupu, na uji ukichelewa mazoezi hugeuka ugomvi. Kina mama wa Chama cha Wanawake Wakatoliki wamejitolea kupika zamu kwa zamu: uji tunapoanza, githeri au wali na maharagwe tunapomaliza. (Na sukari kwenye uji, kina mama, tafadhali msiibanie.) Tukihesabu shilingi 70 kwa kila kijana, vipindi vitatu kwa wiki, tunahitaji shilingi 525,000 kwa mwaka. Walimu watatu, wa sarakasi, ngoma na uchoraji, wanapata posho ya shilingi 1,000 kwa kipindi, jumla 450,000. Wawili kati yao wamewahi kulala nje wenyewe, na hiyo posho si mshahara wa kutajirisha mtu.

Wasichana wanatutia wasiwasi. Mtaani huwaoni sana, lakini wapo, na wengi wana watoto mgongoni. Sarakasi ilipoanza walikuwa wanakaa ukutani wakitazama tu. Tulipowatafutia shosho wawili wa jumuiya kuwashikia watoto, wakasimama. Sasa wanaongoza uimbaji, na wamo wanaotengeneza bangili na hereni kwa waya na vifuniko vya chupa ambazo zinauzika. Tunahitaji mikono zaidi ya kulea alasiri hizo. Huo ni mchango usiohitaji hata senti, na yeyote mwenye saa mbili Jumamosi amtafute katibu wa kamati.

Mtu atauliza kwa nini sanaa, na si ushonaji au ufundi wa magari. Ufundi tunaupenda, ndiyo sababu tumekwenda Kamukunji. Lakini kazi ya ufundi inataka mtu anayeweza kufika saa mbili asubuhi kila siku, asikilize maagizo, avumilie kukosolewa mbele ya wenzake. Kijana aliyeishi nje miaka mitano bado hajafika hapo. Kwenye ngoma anajifunza kusubiri zamu yake bila kuambiwa kwamba anafundishwa kusubiri.

Wala wazo hili hatukulibuni sisi. Mwaka 1994, hapa Nairobi, mwigizaji Anne Wanjugu alianzisha Shangilia Mtoto wa Afrika, akawachukua watoto wa mtaani na kuwafundisha maigizo na sarakasi. Korogocho, karibu na jaa la Dandora, Ghetto Classics wamekuwa wakifundisha watoto muziki wa ala tangu 2008 kwenye uwanja wa parokia ya Mtakatifu Yohane. Pale Ngara, jumba la zamani la sinema la Shan ndilo leo Sarakasi Dome. Kule Dar es Salaam, Sista Jean Pruitt wa Maryknoll alikuwa na mkono katika Nyumba ya Sanaa, kisha katika kituo cha Dogodogo cha watoto wa mtaani. Sisi ni wadogo mno mbele ya hao, na hatujilinganishi. Lakini jiji ni kubwa. Sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu zaidi ya watu 46,000 nchini, na zaidi ya 15,000 kati yao walikuwa Nairobi. Tangu mafuriko ya 2024 na bomoabomoa ya kando ya mito iliyofuata, kwenye mlango wetu zimefika sura ambazo hatukuwa nazo, wengine wakiwa ni watoto tuliowajua wakiwa na nyumba.

Jambo la mwisho kwenye bajeti ni vyeti, na hapa tunaomba mtusikilize vizuri kwa sababu halionekani kuwa la sanaa.

Wanasarakasi wa Kenya wanatafutwa. Wamo kwenye sarakasi za Ulaya, Uchina na Marekani, na wengi wametoka mitaa kama hii yetu. Mkataba ukija, cha kwanza kuulizwa ni pasipoti. Pasipoti inataka kitambulisho, kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, na kijana aliyetoka nyumbani akiwa na miaka minane hana hata kadi ya kliniki. Na tusiwadanganye, wengi wa vijana wetu hawatakwenda Uchina. Ila hata anayebaki hapa, bila kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, hana M-Pesa, hapati kazi ya mjengo inayoandikwa, na akikamatwa usiku hana cha kuonyesha.

Kuandikisha kuzaliwa kwa kuchelewa kunawezekana, lakini ni safari. Ni kwenda Murang'a, Busia au Kitui, kumtafuta chifu anayeikumbuka familia, kupata barua, kumtafuta shangazi atakayekubali kutoa ushahidi. Kadi ya ubatizo nayo husaidia, na hapo padri wetu amekuwa akiwaandikia maparoko wenzake wapekue vitabu vya zamani. Majina yamepatikana, wakati mwingine kwa herufi zilizokosewa, lakini yamepatikana. Tunatenga shilingi 150,000 kwa nauli, ada na chakula cha njiani.

Jumla yote ni shilingi 1,585,000. Jumuiya ndogo ndogo zimekwishaleta 265,000, na tunawashukuru sana. Zimebaki 1,320,000.

Hakuna mgeni wa heshima. Mnakumbuka Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo aliagiza mchango wa Rais kwa parokia ya Soweto, Kahawa West, urudishwe, na sisi tulio chini yake tumeielewa njia. Mwanasiasa anayetaka kuja anakaribishwa kama muumini yeyote: akae kwenye benchi, achange, bila kipaza sauti. Vilevile hatutabandika picha za vijana hawa popote. Wafadhili wengine wameomba kupiga picha wakiwakabidhi sahani ya chakula. Tumekataa, na tutaendelea kukataa hata kama kwa sababu hiyo mfuko utapungua. Hesabu zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo kila mwezi pamoja na risiti, na mweka hazina anapenda kuulizwa maswali.

Kutakuwa na mnada. Mbuzi wapo, keki zipo kama kawaida, lakini mnada wenyewe ni wa kazi za vijana: michoro, vinyago vya mabati na nyaya, ngoma mbili walizowamba wenyewe. Tafadhali msinunue kwa huruma. Kama picha haikupendezi, iache, anayeifuata ataipenda. Na kama inakupendeza, ipandishe bei kama unavyopandisha ya jogoo. Nusu ya bei ni ya aliyeitengeneza. Kwa kuwa hana M-Pesa, mweka hazina anamwandikia kwenye daftari na kumpa kidogo kidogo, maana ukimkabidhi elfu mbili jioni, usiku huo atapigwa na kunyang'anywa.

Kadi za harambee zirudishwe kwa wenyeviti wa jumuiya kufikia Ijumaa inayotangulia. Mlio mbali, Paybill ni ile ile ya sadaka. Kwenye sehemu ya akaunti andikeni SANAA ili pesa zisiingie kwenye paa. Kwa wanaotaka kuleta vitu: sabuni, raba, taulo, sodo, kaptura za mazoezi. Makoti ya suti tuliyopewa mwaka jana yanatosha, tunashukuru.

Misa ya pili huisha karibu saa tano. Vijana wataonyesha sarakasi kwanza, na mnada utaanza saa sita na nusu. Bebeni pesa taslimu kidogo, kwa sababu ukumbi ukijaa watu mtandao huwa unalala.